Mashauri kwa jamaa: Si feza yote iliyo mkononi ni yako



Siku chache zilizopita, masomo yalipokwisha, mzee mmoja wa parokia yetu alitujia shuleni. Alikuwa ameshika simu ya mjukuu wake, na uso wake ulikuwa na huzuni. Tulimpa kiti, akakaa, akanyamaza kidogo, halafu akasema: «Mwalimu, soma mwenyewe. Huyu ndiye mtoto niliyeuza ng'ombe wawili ili asome. Leo ni tajiri huko Marekani, na baba yake amemsahau.»

Tulisoma. Kijana huyo twamjua. Aliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, nchini Tanzania, kisha akapokelewa Marekani pamoja na mke na watoto. Huko akajifunza kuendesha kamyo kubwa, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita lori. Mwaka jana alimwandikia baba yake kwa furaha kwamba kampani imemlipa dola 150,000 kwa mwaka mmoja. Akatuma na picha ya kamyo nyeupe imesimama kwenye theluji. Mzee akaionyesha picha hiyo kwa majirani wote. Sasa barua mpya ilisema hivi: «Baba, nisamehe. Sina minervali ya dada yangu safari hii. Serikali inanidai kodi ya dola zaidi ya elfu kumi na moja, na mimi sina hata elfu mbili.»

Mzee alituuliza: «Mtu aliyepata dola 150,000 anakosaje dola 200 za mtoto wa shule? Je, si uongo?»

Hapana, si uongo. Lakini tulihitaji jioni nzima kumweleza. Na kwa kuwa jamaa nyingi zina mtoto au ndugu anayefanya kazi hiyo Marekani, tumeona vema kuyaeleza hapa mambo hayo kwa utaratibu, kwa faida ya wazazi walio huku na ya madereva walio huko.

*Madereva wa namna mbili*

Huko Marekani dereva aweza kulipwa kwa njia mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Wa kwanza ni mfanyakazi wa kampani. Kila anapolipwa, kampani hukata kodi kwanza na kuipeleka serikalini. Yeye hupokea kilichobaki. Mwanzo wa mwaka unaofuata hupewa karatasi iitwayo W-2, inayoonyesha mshahara wake na kodi iliyokatwa. Feza aliyonayo mkononi imekwisha kuchujwa.

Wa pili huhesabiwa kama mtu mwenye kazi yake mwenyewe, aliyepatana tu na kampani kuibebea mizigo. Siku ya kwanza hujaza karatasi W-9, nayo kampani haimkati kodi hata senti moja. Mwaka ukiisha hupewa karatasi 1099-NEC, yenye jumla ya malipo, na nakala yake huenda kwa idara ya kodi iitwayo IRS. Hata asipopewa karatasi hiyo, malipo yale bado ni mapato yake, na ni lazima ayatangaze.

Kijana wetu ni wa namna ya pili. Kila Ijumaa aliona feza nyingi ikiingia banki, akadhani ni mshahara. Kumbe haikuwa mshahara. Ndani yake mlikuwa na sehemu ya mafuta, sehemu ya matairi, sehemu ya bima, sehemu ya serikali, na mwisho kabisa sehemu yake yeye. Zote zilikuja katika mfuko mmoja bila alama.

*Kodi yenyewe ni kiasi gani?*

Tuitazame hesabu. Kampani ilimlipa 150,000. Lakini mafuta, matengenezo, bima, malipo ya kamyo na mengine yalimgharimu 90,000. Faida yake halisi ilikuwa 60,000. Serikali hutoza kodi juu ya faida hiyo, wala si juu ya 150,000. Hilo ni jambo la kwanza la kushika.

Kodi zenyewe ni mbili. Moja ni kodi ya mapato, ambayo huangalia hali ya mtu: ana mke? ana watoto? Baba wa watoto wengi hupata punguzo kubwa. Nyingine ni kodi ya mwenye kujiajiri, na hiyo ndiyo huwashangaza wengi, kwa maana huhesabiwa bila kutazama idadi ya watoto. Ni asilimia 15.3: yaani 12.4 kwa akiba ya uzeeni na 2.9 kwa matibabu ya wazee. Hutozwa juu ya asilimia 92.35 ya faida, na humpasa kila mtu ambaye faida yake kwa mwaka imefika dola 400.

Kwa faida ya 60,000, kodi hiyo ni dola 8,478. Mfanyakazi mwenye mshahara wa 60,000 hukatwa 4,590 tu kwa ajili ya mambo hayo hayo, kwa sababu bwana wake hulipa nusu ya pili. Mwenye kujiajiri ni bwana na mtumishi pamoja. Kwa hiyo hulipa nusu zote mbili. Sheria humtuliza kidogo tu: nusu ya kodi hiyo huondolewa katika mapato kabla ya kuhesabu ile kodi nyingine.

Je, feza hiyo hupotea bure? La. Kwa kodi hiyo mtu hujipatia alama za uzeeni, nne kwa mwaka zisizidi. Akifikisha alama 40, ambazo ni kazi ya miaka kumi, amepata haki ya pensheni. Dereva anayejisifu kwamba ameikwepa kodi hiyo anajiibia mwenyewe mkate wa uzee wake.

*Kulipa mara nne*

Mfanyakazi hulipa kodi kila anapopokea mshahara. Mwenye kujiajiri hangojwi mwaka mzima pia. Kama anatazamia kudaiwa dola 1,000 au zaidi, yampasa kulipa kwa makadirio mara nne: tarehe 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba, na 15 Januari ya mwaka unaofuata. Tarehe hiyo ikiangukia Jumapili au sikukuu, husogezwa mpaka siku ya kazi inayofuata. Asiyelipa huongezewa adhabu.

Lakini atajuaje kiasi, na mwaka haujaisha? Sheria imeweka njia nyepesi. Akilipa katika mafungu hayo manne jumla ileile ya kodi ya mwaka uliotangulia, kwa kawaida haadhibiwi, hata kama mwaka huu amepata zaidi. Ikiwa mapato yake ya mwaka jana yalipita dola 150,000 baada ya kuondoa matumizi ya kazi, atalipa asilimia 110 badala ya 100.

Kijana wetu hakujua tarehe hata moja. Mwezi wa nne ulipofika, deni la mwaka mzima lilimwangukia siku moja.

Shauri letu ni hili: fungua hesabu ya pili katika banki. Kila juma, ondoa kwanza matumizi ya kamyo. Kisha robo ya kinachobaki uiweke katika hesabu ile, wala usiiguse. Kwa mtu wa faida ya 60,000, kila juma hubaki kama dola 1,154, na robo yake ni kama 288. Ni nyingi? Ndiyo, ni nyingi. Lakini dola 288 mara 52 zinauma kidogo kidogo, na dola elfu kumi na moja kwa siku moja zinavunja nyumba. Kodi ikiwa ndogo kuliko akiba, kinachobaki ni chako kwa haki.

*Mali bila daftari*

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa dereva, methali hii si mapambo ya lugha.

Matumizi ya kazi huondolewa katika mapato: mafuta, mafuta ya injini, matairi, matengenezo, bima, ushuru wa barabara na madaraja, leseni, vibao vya namba, riba ya mkopo wa kamyo, kuosha, kuegesha, simu kwa sehemu inayotumika kazini. Bei ya kamyo yenyewe nayo huondolewa, ama kwa mafungu ya miaka, ama mara moja ikiwa sheria inamruhusu. Lakini kila kitu kionyeshwe kwa karatasi. Dereva wa gari dogo aweza kuhesabu kiasi fulani kwa kila maili. Dereva wa kamyo kubwa hana ruhusa hiyo, yampasa kuonyesha matumizi halisi.

Na hapo ndipo kijana wetu alipoumia mara ya pili. Risiti za 20,000 zilipotea: nyingine aliziacha kwenye kamyo alipoibadilisha, nyingine zilifutika kwa jua. Basi alionyesha matumizi ya 70,000 tu, na faida ikaandikwa 80,000. Kodi ya kujiajiri ikapanda kutoka 8,478 hadi 11,304. Mfuko mmoja wa karatasi ulimgharimu dola 2,826, bila kuhesabu kodi ya mapato. Risiti hupigwa picha kwa simu siku ileile, kwa maana wino wake haudumu.

Tena angalieni jambo hili: kampani nyingi humkata dereva mafuta na bima kabla ya kumlipa, na bado katika karatasi 1099 huandika malipo yote kabla ya kukata. Dereva asiyetunza karatasi za hesabu za kila juma atatozwa kodi juu ya feza ambayo hakuishika kamwe.

Kuna na chakula cha njiani. Dereva wa safari ndefu, anayelala mbali na nyumbani, aweza kuhesabu dola 80 kwa kila siku kamili ndani ya Marekani. Ndicho kiwango tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Katika hizo asilimia 80 huondolewa, yaani dola 64. Kwa siku 240 za safari, ni dola 15,360, jambo la kutodharauliwa. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi huhesabiwa robo tatu. Risiti ya kila sahani haihitajiwi, lakini siku na mahali vionekane katika kumbukumbu za safari. Na asiye na makao, anayelala ndani ya kamyo mwaka mzima, hana haki hiyo, kwa sababu hayuko mbali na nyumbani: nyumbani hana. Mfanyakazi wa W-2 naye ameikosa haki hiyo tangu mwaka 2018.

Kuhusu kamyo nzito, ya ratili 55,000 au zaidi, kuna kodi ya barabara ya kila mwaka, kwa karatasi 2290. Mwaka wake huanza Julai. Kamyo iliyokuwa barabarani mwezi huo hulipiwa kabla ya Agosti kuisha, na ile inayozidi ratili 75,000 hulipiwa dola 550. Mafuta yanayochomwa katika majimbo mbalimbali nayo huhesabiwa kila miezi mitatu, kwa mapatano yaitwayo IFTA. Majimbo mengine, kama Iowa na Kentucky, hutoza pia kodi yao ya mapato. Mengine, kama Texas na Tennessee, hayatozi mshahara.

*Feza inayotumwa nyumbani*

Hapa mzee wetu alituuliza swali zuri: «Je, serikali ile haioni kwamba analisha wazazi na kusomesha ndugu?»

Kwa huzuni tulimjibu kwamba haioni. Feza inayotumwa kwa jamaa Kongo haiondolewi katika mapato. Wala mzazi anayekaa huku hahesabiwi kama mtegemezi, isipokuwa akiwa raia wa Marekani. Kwa macho ya sheria ile, minervali ya dada ni zawadi iliyotoka katika feza iliyokwisha kulipiwa kodi. Na tangu tarehe 1 Januari 2026, anayetuma kwa kulipa feza taslimu dukani hutozwa asilimia moja juu yake. Anayetuma kutoka banki yake ya Marekani, au kwa kadi ya banki ya huko, hatozwi.

Kwa hiyo mtoto anapotuma dola 200, hizo ni dola 200 za ile 60,000, wala si za ile 150,000 tuliyoisikia na kuitangaza kijijini.

*Je, kweli ni mwenye kazi yake?*

Twapenda kuwaonya vijana. Wako madereva wasio na kamyo, wanaoendesha kamyo ya kampani, kwa saa zilizopangwa na kampani, bila ruhusa ya kukataa mzigo. Na hata hivyo hulipwa kwa 1099. Hao hubeba kodi ya bwana bila kuwa na uhuru wa bwana. Matumizi ya kuondoa nayo hawana mengi, maana kamyo si yao.

Sheria haitazami jina lililoandikwa kwenye mapatano. Hutazama ukweli wa kazi. Nani anaamuru? Nani mwenye chombo? Nani hupata hasara mambo yakiharibika? Mtu mwenye shaka aweza kuiomba IRS iamue, kwa karatasi SS-8. Katika California sheria iitwayo AB5, iliyoanza mwaka 2020, na ambayo tangu 2022 inatumika hata kwa madereva wa kamyo, humhesabu mtu kuwa mfanyakazi mpaka kampani ithibitishe vingine. Basi kabla ya kutia sahihi, ulizeni. Anayeahidiwa senti kumi zaidi kwa maili, na ahesabu kwanza nusu ya kodi atakayoibeba mahali pa kampani.

*Kama deni limekwisha kuingia*

Ewe kijana, usikimbie, wala usiitupe barua. Wengi hufanya kosa moja: kwa kuwa hawana feza, hawapeleki hata tangazo la mapato. Hilo ni baya kuliko deni lenyewe. Asiyetangaza huongezewa asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi, mpaka 25. Aliyetangaza lakini hajalipa huongezewa nusu ya asilimia moja tu kwa mwezi, pamoja na riba. Basi tangaza kwa wakati, lipa ulicho nacho, kisha omba kulipa kwa mafungu ya kila mwezi. Karatasi yake ni 9465, nayo serikali hukubali mara nyingi kwa mtu aliyetangaza kodi zake zote.

Jihadharini pia na makarani wa mtaani wanaoahidi kurudishiwa feza nyingi, wakadai sehemu ya feza hiyo, kisha wakakataa kutia sahihi yao. Anayelipwa kuandika kodi ya mwingine ni lazima atie sahihi na namba yake. Akiandika uongo, atakayeitwa kujibu ni mwenye jina. Kwa watu wa mapato madogo, zipo ofisi maalum zinazowasaidia wanaogombana na IRS, bila malipo au kwa malipo madogo.

*Na sisi tulio huku?*

Wazazi wapenzi, sisi nasi tuna sehemu yetu. Tusimpime mtoto kwa picha ya kamyo. Tumwulize: «Baada ya mafuta, baada ya kodi, kimebaki nini?» Tusimwite mchoyo kwa sababu ameziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Mtoto anayetuma kila kitu ili asifiwe, kisha akashindwa kulipa deni, mwisho atapoteza kamyo. Na kamyo ikipotea, minervali nayo imekwisha, si kwa muhula mmoja bali kwa miaka.

Na ninyi vijana, msifiche. Mwandikieni baba hesabu yenyewe, mstari kwa mstari, kama tulivyofanya hapa. Mzee asiyejua Kiingereza anajua vizuri kutoa 90 katika 150.

Tulipomaliza, giza lilikuwa limeingia. Mzee alikaa kimya, akatazama tena ile picha ya kamyo. Kisha akatuomba tumwandikie mtoto maneno haya: «Mwanangu, nimeelewa. Toa kwanza ya serikali. Minervali ya dada yako nitaomba kwa mkuu wa shule niilipe mara tatu. Mbuzi mmoja bado yupo. Lakini mwezi huu, nunua daftari.»

Tuliandika kama alivyosema. Jibu lilifika kabla hajatoka mlangoni: picha ya daftari jipya juu ya usukani, na kwenye ukurasa wa kwanza tarehe ya siku ile, maili, na risiti moja ya mafuta.